Daftari Lililoanzia Nyuma

Ramazani tulimzika Ijumaa baada ya sala, na siku tatu za matanga nilikaa mkekani pamoja na wanawake wa Kasongo nikiwasikiliza wakimsifu. Walisema alikuwa mtu wa siri. Mmoja akaongeza, "Siri zake zote ameenda nazo," wengine wakaitikia, na mimi nikainamisha kichwa juu ya kikombe changu cha chai, kwa sababu siri moja alikuwa ameiacha na ilikuwa imeketi palepale mkekani. Ni siri ya mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala na vita yao ya pili ikiwa imekwisha miaka michache. Mwaka ule Ramazani aliniambia ninyamaze, nikakubali, na tumekutana sokoni na misikitini na arusini maisha yetu yote bila kuligusa neno lile. Sasa yeye hayupo. Nitaandika nilichoona na nilichosikia kwa masikio yangu, kwa kufuata siku pale ninapozikumbuka siku.

Duka la fundi Sudi lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilitazama barabara ya soko. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kamba ya kuning'inizia kanzu. Cha nyuma kilikuwa cha kuwekea marobota ya vitambaa, kina dirisha dogo moja, na harufu ya kitambaa kipya cha amerikani ilichanganyika humo na harufu ya mawese kutoka jiko la Mama Zaina, mkewe. Kiti changu kilikuwa mlangoni katikati ya vyumba viwili, penye mwanga. Kazi yangu ilikuwa matundu ya vifungo na pindo. Fundi hakuwa ndugu yangu. Nilimwita baba kwa kuwa alinifundisha kazi na alikuwa na umri wa baba. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alizungumza huku pini zikiwa mdomoni, ndiyo maana wateja wageni walidhani ana hasira. Sikumbuki kumsikia akigomba. Kitambaa kikikatwa vibaya alikiangalia tu kwa muda mrefu, na huo muda ulikuwa mbaya kuliko kugombwa.

Mwanzoni mwa kiangazi alirudi mjini mtu tuliyemwita Mwalimu Feruzi. Alikuwa amekaa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kwa Waingereza, akiwa karani wa mizigo bandarini. Sisi watoto wa Waislamu wengi hatukupelekwa shule za misioni, wazazi wakiogopa tutabatizwa, kwa hiyo Kifaransa tulikisikia tu kikipita barabarani chini ya kofia za Wazungu. Tulichokijua ni herufi za Kurani. Mwalimu aliposema kwamba Kigoma wanatafuta makarani, na kwamba kinachotakiwa ni Kiingereza, watu watano walijitokeza: wanaume wanne na mimi. Mmoja wa wanaume hao alikuwa Ramazani, aliyechuuza chumvi na sabuni kwa baiskeli kati ya Kasongo na Kabambare. Fundi Sudi alitoa chumba chake cha nyuma kwa saa za alasiri. "Jifunzeni," alisema, "lakini mutu asikanyage kitambaa yangu."

Mwalimu hakuanza na salamu wala na majina ya wanyama. Alianza na pale alipoumia yeye. Makarani wote wa Kigoma, alisema, wanakosea mahali pamoja, kwenye maneno mapacha, ambayo moja ni jina la kitu na jingine ni kitendo, na herufi moja tu inayatenga. Advice ni shauri, advise ni kushauri. Practice ni zoezi, practise ni kufanya zoezi. Yakafuata licence na license, kibali na kutoa kibali, device na devise, hila na kubuni, na mwisho prophecy na prophesy, yaani unabii na kutabiri. "Jina linakaa," alisema, "tazama C, imekaa kama bakuli iliyolazwa ubavu. Kitendo kinatembea, tazama S, ni nyoka njiani." Siku moja mkubwa wake alimrudishia barua tatu mbele ya wapagazi kwa sababu ya herufi hiyo, na Mwalimu alipotusimulia jambo hilo aliacha kututazama akatazama ukuta. Alikuwa pia na sharti lake. Kila neno lazima tulifunge kwa mtu tunayemjua, kwa jina lake, la sivyo halitakaa kichwani. Neno lisilo na mtu, alisema, ni kama mbuzi asiye na kamba.

Nililifuata sharti hilo kuliko wote. Niliandika nikiwa kwenye kiti changu mlangoni, na kila nilipoinua macho niliyemwona mbele yangu ni fundi. Basi fundi Sudi akatoa shauri, fundi Sudi akawashauri watu, watu wakafanya mazoezi chumba cha nyuma, fundi Sudi akabuni hila, fundi Sudi akatabiri. Tulisoma sentensi zetu kwa sauti na kucheka.

"Fundi atatabiri nini?" Ramazani aliuliza. "Mvua?"

"Atatabiri siku suruali yangu itakwisha," alisema mwingine.

Fundi akasema kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka: "Suruali yako iko tayari tangu juzi. Tumbo yako ndiyo inakataa."

Kuna jambo jingine ambalo wakati ule hakuna aliyelijali. Niliandika kama nilivyofundishwa chuoni na mwalimu wa Kurani. Daftari nililifungua kutoka nyuma, ukurasa wa mwisho ukawa wa kwanza wangu, na juu ya kila somo niliweka namba kwa tarakimu za chuo, zile za Kiarabu. Mistari yenyewe nilikwishajifunza kuipeleka kulia kama Wazungu, lakini kurasa ziliendelea kurudi upande zilizouzoea. Mwalimu aliona, akacheka, akasema nitaacha mwenyewe. Na sikuandika jina langu popote, si juu ya jalada wala ndani. Binti hakuandika jina lake kwenye kitu kitakachopita mikononi mwa wanaume.

Daftari lilipokwisha, Mwalimu Feruzi alikuwa ameshaenda Kabambare na mzigo wa vitambaa, akisema atakaa huko kidogo kabla ya kushuka tena ziwani. Nilitaka alisahihishe. Nilitamani, kusema kweli, asome na kusifu. Nikalifunga kwenye kipande cha kitambaa kutoka kapu la mabaki na kumpa Ramazani, naye akalitia kwenye mzigo wa sabuni. Hakuna kati yetu aliyefikiri juu ya kizuizi cha polisi. Lakini miezi ile serikali ilikuwa inawatafuta watu wa dini moja iliyokatazwa, dini ya manabii, ambayo inasemekana vijitabu vyake vilitoka upande wa Waingereza. Dini ile haikuwa yetu, hata kidogo. Sisi tulikuwa tunajifunza ukarani.

Ramazani alirudi baada ya siku sita akiikokota baiskeli. Alipita nyuma ya duka, akanipigia mluzi, nikatoka. Alikuwa amesimama kwa namna ya mtu asiyetaka shati liguse mgongo wake.

"Wamekamata daftari," alisema. "Kwenye kizuizi, pa kuingia Kabambare. Karani akafungua, akaona Sudi, Sudi, Sudi. Akaniuliza, nani amekupa hii? Nikasema imetoka kwa fundi Sudi."

"Ramazani! Si fundi!"

"Kitambaa ilikuwa yake. Sikudanganya."

"Kwa nini hukusema ni yangu?"

"Ningesema ni ya mwanamuke wangeona nawacheka, wangenipiga mara mbili. Sikia, dada. Nyamaza. Ukisema, wataona nimewadanganya, na mimi bado nalala juu ya tumbo."

Nikanyamaza. Naandika neno hili moja na nalitazama. Nilikuwa na usiku mzima na asubuhi nzima ya kumwambia fundi, walau ajue kinachokuja, na nilikaa kwenye kiti changu nikihesabu nyuzi. Nilijiambia labda hawatakuja. Hofu yangu wakati huo haikuwa na kelele. Kila kivuli kilichopita mlangoni kiliiongeza.

Walikuja Jumanne, polisi wawili na kapita, mkubwa wao. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo, bila haraka, mpaka ya mwisho, wao wakisubiri.

"Nani anaandika hapa?" kapita aliuliza.

"Hapa tunashona," alisema fundi.

"Tunauliza nani anaandika."

"Na miye nakujibu, baba. Hapa tunashona."

Walimwaga marobota yote chumba cha nyuma na wakayakanyaga. Walichukua kalamu ya chaki ya kuwekea alama kwenye vitambaa, labda kwa kuwa ndiyo kalamu pekee waliyoiona. Mmoja wao aliruka mguu wangu ili apite mlangoni, hakuniuliza lolote. Mikono yangu iliendelea kushona muda wote huo. Walipoondoka naye, Mama Zaina akilia barabarani, nilitazama kazi yangu nikaona tundu la kifungo nimelishona lote, limezibwa kabisa, limekazwa kwa uzi mara nne.

Kesho yake sokoni kila mtu alijua. Nilisimama kwa muuza mchele nikiwa na kikapu, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wakizungumza. Mmoja alisema fundi amepelekwa Kabambare, kwa sababu ushahidi uko huko. Mwingine alisema wa namna ile hawarudishwi, wanapandishwa mashua na kupelekwa mkoa wa mbali, mahali pasipo na mtu wa lugha yao, na wanakaa huko mpaka wanazeeka. Alitaja mtu wa mji wetu aliyechukuliwa hivyo, na mke wake alivyongoja miaka mingi akawa hajui kama yeye ni mke au mjane. Kisha akauliza bei ya mchele. Ndipo nilipojua kinachowekwa kwenye mizani. Kabla ya hapo nilikuwa nikiogopa fimbo.

Alhamisi Mama Zaina alipata karatasi ya ruhusa ya kusafiri ampelekee mumewe chakula, akaniomba nifuatane naye. "Weye ni kama binti yake," alisema. Kamio, lori la pamba, ilituchukua mpaka Wamaza, tumekaa juu ya magunia, na kutoka hapo tulitembea na vikapu vichwani. Nakumbuka muhogo wa kuchoma tuliokula kando ya njia. Niliuviringisha mdomoni mpaka ukawa unga. Mama Zaina hakuwa mwanamke wa matusi. Lakini njia ilikuwa ndefu, na alikuwa na mtu mmoja tu wa kumfikiria.

"Ule aliyeandika jina ya bwana yangu," alisema, "popote alipo, asione usingizi. Akilala, kitanda kimukatae. Akizaa, watoto wamukimbie. Sema amina."

"Amina," nilisema.

Alirudia dua hiyo siku tatu, kila tulipopumzika, kwa sauti ile ile ya kuhesabu mafungu ya mboga, na kila mara akaningoja niitikie. Niliitikia kila mara. Sasa nina wajukuu, na wapo waliokwenda mbali, na bado nikikosa usingizi naisikia amina yangu mwenyewe.

Kabambare tulifikia kwa Mama Asumini, binamu yake, aliyeuza mawese. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta wa matete kati yao, na barazani kulikuwa na madebe ya mawese yaliyofunikwa kwa majani ya ndizi. Habari ya kwanza aliyotupa, hata kabla ya maji ya kunywa, ilikuwa juu ya Mwalimu Feruzi. "Ule mwalimu yenu alisikia tu neno daftari, akakunja vitambaa yake siku ileile. Ameshuka Fizi na wachuuzi wa samaki. Saa hii ameshavuka ziwa." Mama Zaina alisema, "Basi ni yeye aliyeandika." Mama Asumini akasema huenda. Walinitazama kana kwamba ninajua, nikasema sijui. Hilo ndilo jibu langu baya kuliko yote ya mwaka ule, kwa kuwa nililitoa nikiwa nimeketi, nimepewa maji, na hakuna polisi karibu.

Kila mchana tulipeleka chakula gerezani. Mlinzi alichovya kidole kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaonja, akapitisha. Siku ya pili tuliwaona wafungwa wakitoka kwenda kubeba mawe ya barabara, wamefungwa kamba kiunoni, na fundi alikuwa wa tatu. Kanzu yake walikuwa wameichukua. Sikuwahi kuiona miguu yake mpaka magotini, na nilijikuta nikiitazama miguu, miembamba kama ya mzee. Mama Zaina aliita jina lake. Akageuka, akamwona mkewe, akatikisa kichwa kidogo. Kisha akaniona mimi, na palepale akageuza uso upande wa pili na hakunitazama tena mpaka walipopita. Nilijiambia, anajua, ananichukia. Kisha nikajiambia, hajui, jua lilikuwa machoni mwake. Nililibeba jambo hilo siku mbili, mara upande huu na mara upande ule.

Jumanne jioni karani wa ofisi ya serikali alikuja kununua mawese. Alikuwa kijana wa misioni, mwenye suruali iliyopigwa pasi, na alipenda kuongea kama watu wote wanaojua kitu ambacho wengine hawakijui. Mimi nilikuwa nyuma ya matete nikichambua sombe.

"Ule fundi yenu atapanda kamio ya Jumamosi," alimwambia Mama Asumini. "Atapelekwa mbali."

"Amefanya nini, baba, mutu wa kushona?"

"Ameandika kitabu ya manabii. Kingereza. Inaanza na unabii, inaendelea na hila, inafika kwa mazoezi ya chumba ya nyuma, na mwisho ni shauri. Na namba zake, mama! Namba kama minyoo. Bwana Mukubwa anaigeuza-geuza, hapana ona maana."

"Na fundi anasema nini?"

"Hapana sema kintu. Wanamuuliza, anajibu: miye nashona. Wanamuuliza tena: miye nashona. Weka mawese nyingine kidogo, mama, hii imejaa hewa."

Nilielewa mara moja. Mzungu alikuwa amelifungua daftari upande wake. Somo langu la mwisho lilikuwa limekuwa la kwanza kwake, akalisoma lote kinyumenyume, kuanzia kutabiri kurudi kwenye shauri, na kwa mpangilio huo hata mimi ningeogopa. Nilitazama mikono yangu ndani ya majani ya sombe. Nilihesabu: kesho Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ningependa kuandika kwamba ujasiri ulinijia. Haukunijia. Kilichonijia ni hofu nyingine kubwa zaidi, ya kumwona Mama Zaina akizeeka mbele yangu bila kujua kama yeye ni mke au mjane, na mimi nikimwitikia amina. Hofu hiyo iliisukuma ile ya kwanza kama mtu anavyosukumwa mlangoni.

Asubuhi nilimwambia Mama Zaina. Alikuwa ameinama akipuliza moto. Nilisema maneno machache: daftari ni langu, niliandika mimi, fundi hakujua. Alisimama, akanitazama, akanipiga kofi moja ambalo lilinikalisha chini. Mama Asumini alitoka ndani akauliza kuna nini. Mama Zaina alirudi kwenye moto, akapakua bugali iliyobaki jana, akaiweka mbele yangu.

"Kula," alisema. "Utaenda kuongea na Muzungu na tumbo bure, uanguke mbele yake, aseme una kichaa? Kula. Kisha tunaenda."

Ofisi ilikuwa na baraza pana iliyopakwa chokaa. Tulisimama kwenye ngazi mpaka jua likafika vidole vya miguu yetu. Mzungu yule, Bwana Mkubwa wa teritware, yaani wa wilaya, alikuwa mtu wa shingo nyembamba na macho mekundu ya kusoma. Alizungumza Kiswahili cha amri, kama wote. Karani wa mawese alikuwa pembeni yake. Niliposema nilichokuja kusema, karani alicheka kwanza, halafu Mzungu akacheka kwa kumfuata.

"Weye? Mwanamuke? Nani amekutuma? Mume yako?"

"Sina mume, bwana. Hakuna aliyenituma."

"Fundi amekutuma useme uongo."

"Fundi hajui kama niko hapa."

Akasema kitu kwa Kifaransa. Karani akaniletea daftari jipya na kalamu ya risasi, akaviweka mezani kwa vidole viwili. Sikuwa nimewahi kuandika nikiwa nimesimama, wala mbele ya watu. Kwa hofu sikufikiri. Mikono ilifanya ilichozoea. Nililigeuza daftari, nikalifungua kutoka nyuma, nikaandika juu yake namba moja ya chuo, kijiti kifupi.

"Bwana," karani alisema, na sauti yake haikuwa na kicheko tena, "anaanza ku mukia."

Mzungu alisimama. Alifungua sanduku la meza akatoa daftari langu, lililokwisha kuwa chafu pembeni. Akalitazama, akalitazama jipya, kisha taratibu akaligeuza lile la zamani na kulifungua kutoka nyuma. Alisoma akiwa amesimama. Kurasa zilipita. Nilimwona akifika kwenye shauri, kwenye zoezi, kwenye hila, jozi baada ya jozi, namba zikipanda, na uso wake ukawa wa mtu aliyekesha akichunga mlango wa nyumba tupu. Hilo liliniogopesha zaidi. Mtu mwenye nguvu akigundua amekosea, hujui atamtwisha nani kosa lake. Akaweka kidole kwenye jozi ya mwisho, unabii na kutabiri.

"Andika na hii. Sentensi mupya. Sasa hivi."

Sharti la Mwalimu lilikuwa kichwani mwangu na sikujua njia nyingine. Kila neno lazima lipate mtu. Nikamtafuta mtu. Walinijia wote, wamejipanga kama kwenye kizuizi: fundi, Ramazani na mgongo wake, Mama Asumini na madebe yake, Mama Zaina aliyesimama nyuma yangu nikisikia pumzi yake. Kila niliyemgusa nilimwona akifungwa kamba kiunoni. Karani alikohoa. Nikaandika polepole, nikikipa kitendo S yake: Mwamini cannot prophesy. Mwamini hawezi kutabiri.

"Mwamini ni nani?" Mzungu aliuliza.

"Ni miye, bwana."

Aliniuliza nani alinifundisha. Nilimtaja Mwalimu Feruzi, nikasema yuko Kigoma, nikimwomba Mungu iwe kweli. Sikupata kujua kama ilikuwa kweli. Aliniuliza daftari lilifikaje kwa mchuuzi, nikasema nililitia mwenyewe kwenye mzigo wa sabuni bila yeye kujua, naye alipoona kitambaa cha duka akadhani limetoka kwa fundi. Huo ulikuwa uongo, na ndio ambao Ramazani aliishi nao hadi Ijumaa iliyopita. Adhabu yangu ilikuwa kufagia ua wa ofisi siku mbili na kujionyesha kwa polisi wa Kasongo kila mwezi, mwaka mzima. Madaftari yote mawili yalibaki ofisini. Kigoma sikwenda, wala hakuna kati yetu aliyekwenda.

Fundi walimfungulia Ijumaa mchana. Alikuja kwa Mama Asumini akitembea peke yake, amevaa kanzu yake iliyokunjamana, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa mpaka kifundoni. Jiwe lilikuwa limeuangukia barabarani. Mama Zaina aliuliza lini, akasema Jumatatu. Nilihesabu bila kutaka: Jumatatu ilikuwa siku ya saba tangu akamatwe. Mimi nilikuwa nimesema siku ya tisa. Vidole viwili vya mkono ule havikunyooka tena, na ndivyo vilivyokuwa vikishika sindano.

Aliketi barazani, mgongo ukutani. Nilipiga magoti mbele yake nikaanza kusema, akanikatiza.

"Walinionyesha daftari siku ya kwanza," alisema. "Nikaona namba za chuo. Katika duka yangu nani mwingine anaanza kitabu nyuma?"

"Juu ya nini hukusema, baba?"

Alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Nilikuacha useme weye," alisema.

Mama Zaina alileta bugali na sombe na bakuli la maji ya kunawa. Aliviweka chini, na hapo ndipo sote watatu tulipoona jambo moja kwa pamoja, kwamba mkono wa kulia wa fundi ulikuwa umefungwa, na kwa mkono wa kushoto hatakula. Nilidhani Mama Zaina atakaa amlishe. Alichukua bakuli la maji, akaliondoa mbele ya mumewe, akalisukuma mbele yangu.

Nikanawa. Nikamega tonge, nikalichovya kwenye sombe, nikalipeleka mdomoni mwake. Alikula. Nikamega jingine. Sikuinua macho mpaka sahani ilipokwisha.